Salamu ya Mkalimani

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa mkalimani katika zahanati moja hapa Kakuma. Ni kazi ya insentivu, mnaijua: posho kidogo, kitambulisho cha kuvaa shingoni, na heshima kubwa kuliko posho. Nesi anauliza kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha Kenya, mimi nageuza swali kuwa Kibembe, mgonjwa anajibu, mimi narudisha jibu. Kwa siku watu ishirini, siku nyingine thelathini. Jioni narudi nyumbani kwa njia ileile wanayopita watu haohao.

Siku moja alikuja mama mmoja peke yake. Alikuwa anaumwa nini, sitasema. Juma lililofuata nikamkuta sokoni na wifi yake, wanapimiwa maharage. Nilifurahi kumwona amesimama sawasawa, maana siku ile alikuwa hoi, basi nikamwambia, "Mama, zile dawa zimekusaidia?" Salamu tu. Kwetu ukimpita mtu uliyemwona mgonjwa bila kumuuliza hali, wewe ndiye unaonekana mbaya. Wifi akageuka, akamtazama: "Dawa gani?"

Usiku ule nyumbani kwake hapakulalika. Mumewe hakujua kwamba alienda zahanati, na mama alikuwa na sababu zake za kutomwambia. Siku tatu akalala kwa majirani na mtoto wake mdogo. Mimi nilikuja kusikia siku ya nne. Nilipokwenda kuomba msamaha alinipa kiti, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema kwa Kiswahili chetu cha kule: "Papa, haukusema kitu mubaya. Lakini ile mambo ilikuwa yangu."

Neno hilo "yangu" limenikaa kichwani mpaka leo. Hebu tuliangalie. Mbuzi wangu akiwa kwako, hayuko kwangu. Ukimchinja nimepata hasara na kila mtu anaiona. Lakini habari yangu ukiwa nayo wewe, bado mimi ninayo. Sikupungukiwa. Na ile habari ya mama ilikuwa tayari kwa nesi, kwa mimi, kwenye daftari la zahanati na ndani ya kompyuta. Watu wanne watano wanaijua. Sasa inawezaje kuitwa yake? Na mimi niliyeisema kwa nia njema nilimchukulia nini?

Kenya imejaribu kujibu kwa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Imeandikwa kila mtu, haikuandikwa kila raia, kwa hiyo na sisi tumo. Kinasema pia kwamba habari za familia yako au mambo yako binafsi zisidaiwe wala zisifichuliwe bila ulazima. Angalia hapo: kabla hata ya kufichua, kule kudai tu bila sababu tayari ni kosa. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba mwaka huohuo. Uganda walitunga ya kwao mwaka 2019, Tanzania 2022, kwa hiyo wenzetu wa Nakivale na Nyarugusu wanaosoma hapa wasidhani ni mambo ya Turkana peke yake.

Sheria ya Kenya ina orodha ya habari zinazoitwa nyeti, ambazo zinataka ulinzi wa ziada. Asili yako na kabila lako. Afya yako. Imani yako. Alama za mwili kama vidole. Mali. Ndoa. Majina ya watoto, ya wazazi, ya mke au waume. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana ni zilezile za fomu ya mapokezi. Zote tulizitoa siku ya kwanza, tumechoka na basi, watoto wanalia, kwa mtu tusiyemjua, kupitia mkalimani tusiyemjua, na nyuma yetu foleni inasikiliza.

Na hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Shule, hospitali, mashirika yasiyo ya serikali, ofisi za serikali zenyewe, hizo zote ziko chini ya sheria hii. Umoja wa Mataifa hauko. Una kinga yake tangu mkataba wa 1946, na UNHCR inajiongoza kwa sera yake yenyewe ya kulinda taarifa zetu, ya mwaka 2015, ikaongezewa nyingine 2022. Sisemi ni sera mbaya. Ukiisoma ina mambo mazuri. Nasema tu kwamba mkimbizi aliyekaa mbele ya meza haoni ua uko wapi. Kwake wote wamevaa fulana zenye nembo.

Sasa tuje kwenye neno ambalo sheria inalipenda sana: ridhaa. Umekubali? Weka sahihi hapa. Bonyeza kidole hapa. Sheria yenyewe ina akili, inasema ridhaa iwe ya hiari, na kwamba katika kuipima itazamwe kama mtu alinyimwa huduma mpaka akubali kutoa taarifa ambazo huduma hiyo haikuzihitaji. Lakini niambieni, ndugu zangu, nani kati yetu amewahi kukataa? Nimekalimani hilo swali mara mia. "Unakubali tuhifadhi taarifa zako na tuzishiriki na wadau wetu?" Neno "wadau" kwa Kibembe nilikuwa nalitafsiri "rafiki zao". Hakuna aliyewahi kuniuliza rafiki gani. Mzee mmoja alinijibu, "Waambie wachukue tu, kama kuna unga." Karani akaandika: amekubali.

Mwezi Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu Warohingya walioko Bangladesh. UNHCR na serikali ya huko waliwaandikisha ili wapate kadi za misaada. Baadaye serikali ya Bangladesh ikapeleka majina ya watu wasiopungua 830,000 kwa Myanmar, yaani kwa serikali ileile waliyoikimbia, ili iangalie nani arudishwe. UNHCR ikasema watu waliulizwa na wakakubali. Wengi wa waliohojiwa na watafiti wakasema hawakuelezwa hivyo. Mimi naweza kuamini pande zote mbili kwa pamoja. Niliwahi kukaa kwenye kile kiti cha katikati. Swali linaulizwa kweli, na mtu anasema ndiyo kweli, na bado hakuna kitu kilichokubaliwa.

Kwa hiyo wapo wanaosema: kama hakuna hiari, ridhaa ni bure, basi sheria nzima ni maigizo. Hapo sikubaliani nao. Nafikiri tumeuweka mzigo kwa mtu asiyeweza kuubeba. Tunamuuliza mwenye njaa kama amekubali, na akishasema ndiyo, aliyepokea anajiona huru. Sisi tuna neno la zamani kuliko ridhaa, nalo ni amana. Mtu anakuja kwako usiku, nyumba yake inaungua, anakuachia sanduku. Hakuwa na pa kulipeleka pengine. Je, kwa sababu hakuwa na hiari, wewe unaruhusiwa kulifungua? Kila mtu hapa anajua jibu, awe Mwislamu au Mkristo au hana dini. Kule kukosa kwake pa kwenda ndiko kunakokufunga wewe zaidi. Angekuwa na nyumba tano za kuchagua akachagua yako, tungesema alibahatisha mwenyewe. Sasa hakuchagua.

Nikiliangalia hivyo naelewa kile mama alichosema. Habari ilikuwa yake kama sanduku lilivyo lake hata likiwa chini ya kitanda changu. Aliniachia ili ifike kwa nesi. Safari yake ilikuwa inaishia hapo. Mimi nikaitembeza mpaka sokoni. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na mkalimani ndiye kata: anazama ndani, anatoka amelowa, na kata haina haki ya kusimulia maji.

Ila nisijifanye kwamba upande wa pili hauna neno. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi kwenye shirika aliniambia: "Bila taarifa siwezi kukusaidia. Na mnadanganya." Kweli, tunadanganya, baadhi yetu. Mtu mmoja na kadi mbili, mtoto wa jirani anahesabiwa kwako. Mwaka 2018 Uganda walipohakiki wakimbizi kwa alama za mwili, hesabu ilishuka kutoka kama milioni 1.4 hadi milioni 1.1 na kidogo, na maofisa waliopika hesabu ndio walioaibika kwanza. Hapa kwetu kidole kwenye mgao kilianza 2013, na wako wajane ambao rashoni yao ilikuwa ikichukuliwa na wenye nguvu, wakaanza kuipata kwa sababu kidole hakiazimwi. Hilo nalikubali bila shida.

Lakini kidole hakina tarehe ya kuisha. Waulizeni Wasomali wa Garissa. Hao ni Wakenya, waliozaliwa Kenya. Wakati wa ukame, wengi wao wakiwa watoto, waliandikishwa kambini Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula. Wakafikisha miaka 18, wakaenda kuchukua kitambulisho, mashine ikasema: wewe ni mkimbizi. Maelfu wamekaa miaka bila kitambulisho, bila kazi ya maana, bila laini ya simu kwa jina lao. Njaa ilikuwa ya miezi, alama ikabaki. Aliyebonyeza hakudhani kwamba anaandika kitu kitakachomjibu miaka 20 baadaye.

Upande mwingine kuna watu wetu wenyewe, na hao ndio wagumu zaidi. Wanasema faragha ni mambo ya Wazungu. Mkimbizi hana siri, ukuta wa turubai unasikia kila kitu. Kijijini Fizi tulijuana mpaka deni la chumvi, na tuliishi. Na wanaongeza methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi mwenyewe niliisema hiyo methali kwa wagonjwa, Mungu anisamehe, ili waongee haraka foleni ipungue. Methali inamtaka mgonjwa amwambie mganga. Haikusema amwambie wifi.

Kuhusu kijiji, ni kweli tulijuana. Lakini tulijuana. Wewe ulijua deni langu na mimi nilijua la kwako, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na sababu ya kupima mdomo wake. Faili halijulikani hivyo. Afisa anajua nilibakwa au sikubakwa, nani aliuawa mbele yangu, nina virusi au sina. Mimi sijui hata jina lake la pili. Na majirani zetu wa sasa si wale wa kijijini. Kwenye bloku moja wamo waliokimbia vita na, mara nyingine, ndugu wa waliowakimbiza. Neno moja dogo, umetoka kijiji gani, linaweza kuwa salamu au linaweza kuwa hukumu.

Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kufundishwa hili. Miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliweka kabila kwenye kitambulisho cha kila Mnyarwanda. Ilikuwa kazi ya ofisi, makarani, fomu, mhuri. Mwaka 1994, miaka kama 60 baadaye, kitambulisho kilekile kiliombwa kwenye vizuizi vya barabarani, na mstari mmoja ulitosha kuua mtu. Makarani wale walikuwa wamekufa zamani. Wengi wao pengine walidhani wanapanga tu mambo ya serikali vizuri. Ndiyo maana mtu akiniambia "ni fomu tu", mwili wangu unakataa hata kama kichwa kimekubali.

Na isidhaniwe ni mambo ya zamani au ya wakimbizi tu. Februari 2015 rais wa Kenya aliagiza wakuu wa kaunti wakusanye orodha za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Nia ilitajwa kuwa njema: kupanga dawa na huduma. Watetezi wa haki wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo limevunja haki ya faragha na halikujali maslahi ya mtoto, majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa namba ndani ya siku 45. Hebu fikiria mtoto wa darasa la nne ambaye jina lake limepita kwa mwalimu, kwa mwalimu mkuu, kwa chifu. Dawa angezipata hata bila orodha hiyo, maana hospitali ilikuwa tayari inamjua. Kila mkono ulioongezeka haukumwongezea kidonge hata kimoja.

Kwangu hicho ndicho kipimo, na ningependa wenzetu wa mashirika wakitumie: mkono huu ulioongezeka unampa nini mwenye habari? Kama ni kitu, sawa. Kama ni ripoti yako tu kuwa nzuri, mwache.

Maana kompyuta mnazilinda. Nimeona, kuna nywila, kuna mafunzo, kuna makabati ya kufuli. Siri hapa haitokei kwenye kompyuta. Inatoka kwenye foleni, pale ambapo kliniki fulani ina siku yake na benchi lake, kwa hiyo ukikaa pale umeshajitangaza. Inatoka kwenye orodha ya majina na namba za kadi iliyobandikwa ubaoni, ikapigwa picha na simu, jioni iko kwenye makundi ya WhatsApp mpaka Nairobi. Inatoka darasani mwalimu anapoita kwa sauti, "Wale wanaolipiwa na shirika wasimame." Inatoka kwenye picha za watoto zinazowekwa kwenye mtandao wa shule. Kuhusu hiyo ya picha, Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Sijawahi kuona mzazi wa hapa akiulizwa kwa namna anayoweza kukataa. Mgeni anakuja, watoto wanapangwa, wanaimba, kamera.

Na inatoka kwetu, wakalimani na wahamasishaji na viongozi wa bloku. Tulifundishwa usiri nusu siku, tukatia sahihi karatasi. Hakuna aliyetufundisha namna ya kumsalimia mgonjwa sokoni. Tangu siku ile nimejiwekea kanuni zangu: namsalimia kama nilivyomsalimia kabla hajawahi kuja zahanati, si zaidi. Asiponisalimia, nampita, na asidhani nimekasirika. Mgonjwa akiingia, kabla ya chochote namuuliza mwenyewe kwa lugha yetu, pasipo nesi kusikia, kama anataka nibaki au atafutwe mkalimani mwingine, hata wa kwenye simu. Walikuwa wachache waliosema nitoke. Mmoja alikuwa binamu yangu. Niliumia kidogo, kusema ukweli. Nikatoka.

Sheria inaruhusu kulalamika kwa Kamishna, hata kwa mdomo bila kuandika, na malalamiko yamalizwe ndani ya siku 90. Ni vizuri kujua. Lakini najua pia nani atamlalamikia anayempa unga, na mama yule angemlalamikia nani? Angenilalamikia mimi, ambaye ningefukuzwa kazi, na mke wangu anauza mandazi hatua ishirini kutoka kwake. Alikuja kwangu badala ya ofisini, yaani niseme sawasawa: mimi ndiye nilikwenda kwake. Na sheria haina kifungu cha hicho kiti alichonipa.

Alirudi kwake baada ya wazee kukaa na mumewe. Mambo mengine yametulia, mengine hayakutulia. Mimi niliacha ukalimani miezi michache baadaye, si kwa sababu hiyo pekee.

Nilipotaka kuandika haya nilijua ninafanya tena kilekile, ninabeba habari yake kwenda nayo mbali zaidi ya sokoni. Nikaenda kumuuliza. Nilimwambia anaweza kukataa na hakuna kitu atakachokosa, kwa kweli hakuna, sina cha kumpa wala cha kumnyima. Akasema niandike, ila nisitaje bloku, nisitaje ugonjwa, na nimsomee yote kwanza. Nikamsomea nyumbani kwake mchana, mtoto amelala. Sehemu ya Rwanda alinisimamisha nirudie. Mwishoni akasema kuna sentensi moja niitoe, ile iliyokuwa baada ya maneno "akakaa kimya muda mrefu". Nilimuuliza kwa nini. Hakujibu. Nimeitoa.